Nilisema Ninaona

Nilikosa, ndugu zangu. Musinitafutie sababu. Mutoto wa dada yangu iko mu udongo juu ya mudomo wangu huu!

Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia ku chuo kimoja kidogo hapa Bukavu. Labo yetu ilikuwa na mikroskope moja tu, na kioo yake ilikuwa imekufa zamani. Ukichungulia, giza. Seli zote tulizijulia ku tableau: profesa anachora na chaki, sisi tunakopia.

Siku moja tukaambiwa commission inatoka Kinshasa, inakuja kuangalia kama section yetu inafaa kutoa diplôme. Ikikataa, section inafungwa, kila mutu anarudia kwao mikono mitupu. Basi maandalio! Tukafagia, tukapaka chokaa, mbuzi ikanunuliwa ku soko ya Nyawera, mabinti bakajifunza nyimbo za animation, zile za kusifu chama. Profesa akaniita pembeni: "We njo mwenye kichwa. Utakaa ku mikroskope. Bakikuuliza, unaona."

Wageni bakaingia na suti zao za abacost. Mukubwa wao akasimama nyuma yangu.

"Citoyen, unaona nini?"

Jicho langu lilikuwa mu giza. "Ninaona seli za kitunguu, citoyen. Ukuta wake, na noyau, kile kiini, pa katikati." Nikasema yote vile ilikuwa ku tableau. Akainama naye, akachungulia, akainuka. Kisha akasema: "Très bien." Harufu ya mbuzi ilikuwa imeshafika. Mpaka leo sijuwe yeye aliona nini.

Section ikapita. Bakanibeba juu juu, tukacheza!

Banasema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilifika mpaka Luberizi. Nilipewa kazi ya kufundisha kule, karibu na dada yangu Furaha. Alikuwa anajivuna ku kila mutu: "Kaka yangu ni mutu wa mikroskope!"

Mutoto wake Bahati akashikwa na homa. Munganga wa dispanseri alikuwa amebakia na kinini kidogo sana, hakutaka kuitoa kama si malaria, na mutu wake wa labo alikuwa safarini. Akatia tone ya damu ku kioo, akaniita: "Profesa, tusaidie. Malaria iko ao haiko?"

Mikroskope ile ilikuwa nzima, jamani! Mwanga umejaa! Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu kuona kitu ndani. Madoa, madoa tu. Sikujua ipi ni damu, ipi ni ugonjwa. Furaha alikuwa ananiangalia mudomo.

Ningesema "sijuwe", ingeniua? Nikasema: "Haiko."

Bahati akapewa dawa ya minyoo. Kesho yake mutoto akaanza kutetemeka, macho ikageuka. Tukakimbia naye kwenda hospitali ya Sange, akakata roho ku mugongo ya mama yake. Docteur akatuuliza: "Hii ni malaria. Mbona mulichelewa?"

Furaha akamujibu, eh Mungu wangu: "Hapana, docteur. Kaka yangu aliangalia."

Mpaka leo ananitetea! Na sasa amenitumia binti yake mukubwa hapa Bukavu, nimutafutie nafasi mu section ile ile. Asubuhi hii binti ameniuliza: "Tonton, mu mikroskope munaonekanaka nini?"

Mpaka sasa iko anangoja jibu mu salon.

Ninyi banafunzi, na ninyi benye kutumwa kupima masomo ya bengine: kama ni giza, museme ni giza. Mi niliogopa aibu ya siku moja. Bahati alikuwa ameanza tu kuniita kwa jina.