Shairi la Eddo na Mwenye Duka

Jamani, leo nimeitwa mwizi kwa kutaka kunakili shairi la shangazi yangu mwenyewe!

Eddo Halima, ndivyo tumwitavyo shangazi kwa Kisomali, alilitunga kwenye harusi yangu kule Wajir. Leo mimi naye tumelikuta linauzwa kwenye duka la kanda hapa Garissa.

Jina lake halipo. Lipo la mwenye duka, pamoja na onyo: "Marufuku kunakili."

Kwetu shairi ni la kila mtu, mradi umtaje aliyelitunga. Hata mtoto anajua!

Nikamwambia mwenye duka hivyo, nikataka kulinakili. Akafoka, "Mama, hii mali yangu. Wewe mwizi!"

Haya, mwizi nani hapo?

Eddo hakubishana. Alitunga jingine palepale, la kumsuta, soko zima likisikiliza.

Nimelirekodi. Nakilini mpendavyo.

Sharti la Eddo ni moja tu: jina la mwenye duka lisiachwe.