Uchuro wa Picha ya Mama

Kwetu Morogoro, mtu akiweka picha ya mzazi wake peke yake kwenye profaili ya simu, bila neno, basi huyo mzazi ameshatangulia mbele za haki. Hakuna aliyewahi kunifundisha hilo, ila kila mtu analijua. Mimi nililijua, nikalisahau. Miaka saba ya Johannesburg ilitosha kunisahaulisha.

Mwaka 2017 nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja ya Rosettenville. Bosi wangu alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ana roho nzuri na mdomo pia anao. Wateja wetu wengi walikuwa wenyeji wa hapa, na wenyeji hawa, nakuambia, wanawaweka mama zao kwenye profaili wangali hai, wazima wa afya. Leo ni siku ya kuzaliwa, kesho hivi hivi tu, amemkumbuka. Nikaona tamu. Nikasema na mimi nina mama, au wao ndio waliozaliwa na mimi nilidondoka?

Picha nilikuwa nazo nyingi. Mwaka uliotangulia mdogo wangu alikuwa amemnunulia mama simu ya kupangusa, na mama akawa anabadilisha picha yake kila Jumapili baada ya misa. Na mimi kila Jumapili naifungua, nabonyeza kuhifadhi, naiweka kwenye faili lake. Wengine huenda kwao kusalimia. Mimi kibali changu kilikwisha muda mwaka 2015, na ukitoka nchi hii na karatasi zilizokwisha, mpakani wanakugongea muhuri wa kukufungia nje kwa miaka. Nina mtoto wa kike aliyezaliwa hapa, anasoma hapa. Kwa hiyo sikwenda. Nilihifadhi picha.

Niliyoipenda kuliko zote ni ile aliyopigwa nje ya mlango wa jikoni. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge cha bluu, mkono mmoja juu, mdomo wazi. Mdogo wangu alimpiga huku anagombezwa: "Piga upesi, mboga inaungua!" Kwenye picha zake nyingine zote mama amenuna kama yuko polisi. Hiyo moja ndiyo yeye. Nikaichukua, nikaigeuza nyeusi na nyeupe, eti ipendeze. Nikaiweka kwenye profaili yangu, nikatia simu mfukoni, nikaendelea na rasta za mteja.

Jamani.

Nilipoitoa mchana nilikuta simu thelathini na kitu ambazo sikupokea. Mjomba wa Tanga. Shangazi. Mwenzangu wa shule ya msingi, ambaye hatujaongea tangu hiyo shule ya msingi. Na meseji juu ya meseji: pole, pole sana, Mungu ampumzishe, mazishi lini? Nilidhani mama amekufa na mimi ndiye wa mwisho kujua. Bosi akaniona, akaangalia simu yake, akashika kichwa: "Mama, kumbe mama yako alikufa na uko unasuka tu?"

Hapo hapo simu ikaita. Jina la mama.

"Wee mtoto," akasema, wala hakusalimu. "Umeniua ningali hai?"

Kumbe yeye alikuwa amekaa barazani anachagua mchele, akaona wanawake wa jumuiya wanaingia uani wanalia. Akasimama, akauliza nani amekufa. Jirani yake aliyekuwa mbele akapiga yowe, akakimbia, akaacha kiatu kimoja. "Mchele wangu wote umemwagika! Unanichuria, mtoto wa kumzaa mwenyewe! Uchuro gani huu? Toa hiyo picha!"

Nikaitoa huku nacheka na kulia. "Nisamehe, mama. Nilikukumbuka tu."

"Ukinikumbuka, njoo. Usinitundike." Kisha akashusha sauti. "Ila nimetoka vizuri. Itunze. Nikifa kweli ndiyo uiweke. Na usinitoe rangi, kitenge kile kipya."

Tangu siku hiyo ukawa utani wetu. Nikimpigia asipokee, akipiga baadaye anaanza: "Marehemu anaongea." Mwanangu alikuwa anasikia Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza au Kizulu, na bibi yake alimwita Gogo, kama watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao. Mama hakuizoea. "Mimi gogo? Gogo la kuni au la kukalia?" Mtoto haelewi, mimi mbavu sina. Kisha mama analeta swali lake: unakuja lini? Nasema karatasi zikikaa sawa, mama. "Hizo karatasi hazikai tu? Zimesimama tangu lini?"

Akanipa na utaratibu. "Wewe tazama picha. Jumapili nikibadilisha, ujue nipo." Nikatazama. Mama wa Pasaka. Mama kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, ameshika kisu cha keki ambayo si yake. Mama amebeba papai alilovuna mwenyewe, amelipakata kama kichanga.

Mwaka 2019 ule mtandao wa meseji ukaondoa kitufe cha kuhifadhi picha za watu. Nilikasirika kama vile nimebadilishiwa kufuli ya nyumba yetu. Nikaanza kupiga skrinishoti, na ndiyo maana picha za mwisho za mama zina saa ya simu yangu juu yake na chaji iliyobaki.

Jumapili moja mwaka huo huo ikaja picha ambayo nilikuwa nayo tayari. Kitenge cha Pasaka ya mwaka juzi, nyuma yake ukuta ambao ulishapakwa rangi nyingine. Nikamwandikia: "Mama, umeishiwa picha?" Sasa, mama yangu haandiki. Anatuma sauti, dakika nne nzima, na majogoo nyuma yake. Siku hiyo alijibu kwa maandishi: "Ndiyo mwanangu. Nimechoka kupigwa picha." Nikasoma, nikacheka. Jumapili iliyofuata, picha ya zamani tena. Nikasema mtu mzima ameanza uvivu. Mimi ninayezijua picha zake zote nilijitia hamnazo, na ni rahisi kujitia hamnazo ukiwa huwezi kwenda.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mteja wangu yuko chini ya draya. Nikafungua simu, nikaona profaili ya mdogo wangu imebadilika. Mama. Peke yake. Bila neno.

Nilikasirika, lakini ilikuwa hasira tamu, ya kumkamata mwenzio kwenye kosa lako mwenyewe. Miaka miwili alikuwa akinicheka kwa ajili ya ile picha. Nikasema leo ni leo. Nikampigia, na alipopokea sikumpa nafasi hata ya kusema halo, nikamrukia kwa sauti ya mama na maneno ya mama: "Wee mtoto! Umemuua mama angali hai? Uchuro gani huu? Toa hiyo picha!"

Nyuma yake nikasikia wanawake wanaimba nyimbo za kanisani.

"Dada," akasema. "Dada, nilikuwa natafuta namna ya kukupigia."

Mama alikuwa amelazwa wiki tano. Alimkataza kila mtu asiniambie. "Mkimwambia atatoka," alisema, "na akitoka hatarudi kwa mwanawe." Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anabadilisha zile picha kutoka wodini kila Jumapili, mama akimchagulia ipi. Na yale maandishi yalikuwa ya mdogo wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama hakuumbuka, niliumbuka mimi. Nilimkasirikia mama, na mpaka leo namkasirikia. Angeniacha nichague mwenyewe. Halafu najiuliza ningechagua nini, mama au mtoto, na pengine alijua nisingeweza kuchagua.

Bosi alimmalizia mteja wangu kichwa kwa mikono yake mwenyewe. Akatoa kitenge kwenye begi, akanifunga kiunoni, akanikalisha kwenye kiti cha kuoshea nywele. "Lia, mama," akasema. "Hapa kwangu unaweza kulia."

Mchana mdogo wangu akaandika. Walihitaji picha ya kutangulia mbele ya jeneza, na simu yake ilikuwa imejaa, alishafuta nyingi. "Wewe ndiye unazo zote, dada." Nikafungua faili. Sikuwahi kuzitazama mfululizo. Nilikuwa natazama moja, nangoja wiki, natazama nyingine. Siku hiyo nilizipitisha kwa kidole tangu ya kwanza, na mama akaanza kupungua mbele ya macho yangu. Mashavu, kisha mikono, kisha mitulinga imechomoza juu ya kanga. Picha zote hizo nilizihifadhi mwenyewe.

Nikatuma ile ya kiti cha plastiki, yenye rangi zake. Shangazi akalalamika kwamba marehemu mdomo uko wazi, hiyo si picha ya msiba. Nikamwambia mama aliichagua mwenyewe.

Kufika alasiri ukoo mzima ulikuwa umeiweka. Nikifungua orodha ya meseji naona mama, mama, mama, kwenye viduara vidogo, mkono juu, anagombeza. Mimi peke yangu nilikuwa bado na picha ya mwanangu na sare zake za shule. Mjomba akaniandikia: "Mbona wewe hujaweka? Si mama yako?" Nilikuwa nimeifungua, nimeitengeneza ikakaa vizuri kwenye kile kiduara, kilichobaki ni kubonyeza, na kidole hakiendi.

Nilibonyeza nilipofika nyumbani, mwanangu amekaa pembeni yangu. Haikupita muda, zikaanza kuingia simu na meseji zile zile za mwaka ule. Mjomba. Shangazi. Hata mwenzangu wa shule ya msingi. Pole, pole sana, Mungu ampumzishe. Safari hii hakuna aliyekosea. Nikapokea kila simu, nikashukuru kila mtu.

Zilipokwisha sikuiweka simu chini. Mwanangu akaniuliza, kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi: "Mama, unangoja nani?"

Nilikuwa nangoja mtu mmoja anipigie, asinisalimu, aniulize kwa nini nimemuua angali hai.