Fungu la Wachezaji wa Akiba

Mwajabu Mfaume hakuwa mtu wa mpira. Kwa miaka mingi alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo, mpaka mwaka 1989 alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake. Akarudi nyumbani kwake Midizini, Manzese, akaweka cherehani barazani. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa jezi za Midizini Stars, timu ya vijana wa hapo mtaani. Alizishona vizuri, na kwa kuwa hakuona haya kuwauliza viongozi pesa nyingine ya vitambaa ilikokwenda, mkutano wa wanachama ukamchagua kuwa mweka hazina. Nusu ya waliomchagua walidhani wanatania.

Hazina yenyewe haikuwapo. Vijana walicheza kwa machungwa na maji ya ndoo. Halafu mwaka 1993 timu ikapanda ligi ya mkoa, na akajitokeza mfadhili, Marijani, mfanyabiashara ambaye marobota yake ya mitumba yalikuwa yamejaa soko zima tangu serikali ilipofungua milango ya biashara. Marijani alisema atatoa shilingi laki moja na ishirini elfu kila mwezi wa ligi kwa ajili ya wachezaji wote ishirini, na juu ya hapo hataongeza hata senti. Anayetaka zaidi akatafute mfadhili mwingine.

Kamati ilikutana sebuleni kwa mwenyekiti, Mwalimu Gaudens, mtu wa Bukoba aliyeipenda timu ile kuliko usingizi wake. Mwalimu alikuwa na mpango tayari. Arobaini elfu zingekwenda kwa Salumu, mshambuliaji, kwa sababu timu moja ya Buguruni ilikuwa inamtaka. Wale kumi wanaoanza naye wangegawana karibu yote iliyosalia. Mwajabu akauliza wachezaji wa akiba watapata nini. Mwalimu akasema watapewa nauli, ikibaki.

"Salumu akiondoka, tumekwisha," akamwambia Mwajabu. "Tuseme ukweli, Mama Shamimu. Hao wengine wanapatikana."

Neno hilo lilimchoma Mwajabu. Kule kiwandani, pesa za mafao zilipokuja pungufu, walioanza kulipwa ni wale waliokuwa karibu na ofisi. Wengine, yeye akiwamo, waliambiwa wasubiri, na waliporudi walikuta geti limefungwa. Hakuyasema hayo mbele ya kamati. Alisema tu kwamba pesa ya timu haitoki bila saini yake, na mpango ule hatausaini. Aliomba wiki moja.

Wiki ile alifunga cherehani mapema kila siku, akawafuata wachezaji walipo. Albano, golikipa, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha Wazo, anapakia mifuko ya saruji. Siku ya mazoezi aliacha zamu katikati na kukatwa nusu ya ujira. Twaha, beki wa akiba, aliuza viatu vya mtumba, na jioni za mazoezi, saa ambazo wateja ndio wanatoka kazini, meza yake ilikuwa imefunikwa turubai. Kadiri alivyozunguka, Mwajabu aliona jambo ambalo kamati haikuliona: anayekaa benchi anapoteza kibarua sawasawa na anayefunga magoli.

Jumamosi akawaita wachezaji wote kwenye darasa moja la shule ya msingi. Mwalimu Gaudens alikuja, akakaa nyuma na mikono kifuani. Mwajabu akawaeleza mpango wake. Kila mchezaji, awe anaanza au wa akiba, angepata elfu nne, na akiumia angeendelea kuzipata mpaka ligi iishe. Zilizobaki zingegawanywa kwa mechi alizocheza mtu na alichofanya uwanjani, ila hakuna ambaye angepata zaidi ya mara tatu ya mwenzake wa chini kabisa.

Salumu, aliyekuwa mbele, akanyanyuka. Hakuwa kijana mkorofi.

"Shikamoo, mama. Mie ndio nafunga. Watu wanakuja uwanjani kuniangalia mie."

"Marahaba. Ni kweli, na utawazidi wote," Mwajabu akamjibu. "Lakini kesho ukivunjika mguu, mwanangu, utataka tukugawie kwa mpango upi? Wa mwenyekiti, au huu?"

Salumu akasema yeye havunjiki. Wachache walicheka, wengine wakatazama chini. Walipopiga kura kwa kunyoosha mikono, mpango wa Mwajabu ulipita, na kabla ya ligi kuanza Salumu akahamia Buguruni.

Mechi tatu za kwanza walifungwa zote. Vijana wa kijiweni wakawa wanapita barazani kwa Mwajabu wakiimba kwamba timu imeuawa na fundi nguo. Wateja wawili wa siku nyingi wakahamisha vitambaa vyao. Mwalimu akamwambia, kwa upole, kwamba ingekuwa heshima kwake kujiuzulu. Mwajabu akakataa. Usiku alilala vibaya, asubuhi akaamka na msimamo ule ule.

Marijani naye akamwita ghalani, akamuuliza kwa nini aendelee kulisha timu inayofungwa.

"Njoo mazoezini Jumatatu saa kumi," Mwajabu akamwambia. "Usimwambie mtu. Uwaangalie waliokuja, halafu uamue. Ukikuta wamepungua, mie mwenyewe nitakukabidhi ufunguo wa kasha la pesa."

Marijani akaja, akasimama kando ya uwanja na viatu vyake vya kung'aa katika vumbi. Timu nyingine za ligi ile zilikuwa zinafanya mazoezi na watu wanane au tisa, wengine wamekwenda kutafuta riziki. Pale Midizini walikuwapo wote ishirini, pamoja na yule aliyekuja badala ya Salumu na kupewa fungu kama wenzake, na Twaha, ambaye hajacheza hata dakika moja, alikuwa anatokwa jasho kama nahodha. Mwezi ule pesa ililetwa kama kawaida.

Mzunguko wa pili Albano aliteguka bega. Akakaa nje mpaka mwisho, fungu lake likimfika nyumbani. Golini akaingia Rogers, kipa wa akiba ambaye hakuwahi kukosa mazoezi, na katika mechi ya kwanza tu akapangua penalti. Timu ikaanza kushinda, si kwa mabao mengi, ila kwa kutokufungwa kirahisi. Ikamaliza ya nne. Haikupanda daraja.

Salumu alifanikiwa kule Buguruni, na Mwajabu hakumwonea kijicho. Walipokutana sokoni kijana alimpa shikamoo, wakaulizana habari za nyumbani, basi.

Ligi ilipokwisha, Mwalimu Gaudens alikuja barazani na suruali mbili za kukunja pindo. Alikaa kwenye benchi, akitazama cherehani ikienda. Halafu akasema kuna beki mmoja wa Temeke, mzuri sana, anataka kuja msimu ujao, lakini anataka pesa nyingi.

"Umemwambia nini?" Mwajabu akauliza, bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Nimemwambia kwetu hakuna anayezidi mara tatu," akasema Mwalimu. "Amesema atafikiria."

Mwajabu akakata uzi, akachukua suruali ya pili.