Magoti Ndani ya Ukungu

Elirehema alikuwa mkulima wa kahawa mlimani, upande wa juu wa Makumira, mtu wa maneno machache, na pengine ndiyo sababu mmisionari wa Kimarekani alimchagua awe mwamuzi. Enzi hizo za Mwingereza, wazungu wengine walicheza kriketi na tenisi mjini Arusha. Huyu peke yake alikuja na besiboli, mchezo wa mmoja kurusha mpira, mwingine kuupiga kwa gongo na wa nyuma yake kuudaka, akaifundisha kwenye uwanja wa misheni kila Jumamosi.

Mwamuzi alichuchumaa nyuma ya mdakaji, amevaa kinyago cha waya, akasema kama mpira uliorushwa umepita "ndani" au "nje". Ndani ya nini? Hapo wengi walishindwa. Ni kama dirisha lisiloonekana: upana wake ni wa kibao kilicholazwa chini, lakini urefu wake kila mpigaji huja nao mwilini, toka magotini hadi chini kidogo ya kwapa. Elirehema alijizoeza kutazama magoti, kisha makwapa, halafu kutuliza macho, asiseme neno mpaka mpira utue kwa mdakaji.

Lomayani, Mwarusha wa magharibi mwa mlima, alikuwa akija kucheza na kaka yake Lesikar, mtu mrefu kupita wote uwanjani. Masika ya mwaka mmoja mto ulimchukua Lesikar akivusha ndama, na mwili haukuonekana. Mama yao, Nalepo, alikataa kunyoa nywele kama afanyavyo aliyefiwa. Alisema mtoto ambaye hakumzika yuko safarini.

Kipupwe kilipoingia, Lomayani alirudi uwanjani Jumamosi moja, peke yake. Alasiri hiyo ukungu uliteremka kutoka mlimani. Lomayani, mtu mfupi, alisimama na gongo lake. Elirehema akatafuta magoti yake, akayakuta juu mno, yana mifupa iliyotokeza, yakichuruzika maji. Makwapa yalikuwa juu ya kofia ya Lomayani. Akajiambia ni ukungu tu. Mpira ukaja, ukapita usawa wa paji la uso la Lomayani.

"Ndani," akajisikia akisema.

Watazamaji wakanung'unika. Wa pili ukapita palepale, naye akasema vilevile. Lomayani akageuka taratibu.

"Mwamuzi, unampima nani?"

Elirehema alitaka kusema amekosea, lakini ulimi ukasema jingine.

"Lesikar. Amesimama hapo ulipo. Amelowa."

Lomayani akatazama chini. Vumbi lililozunguka miguu yake lilikuwa limegeuka tope. Akalilaza gongo juu ya kibao, akasogea pembeni. Mrushaji, ambaye ukungu ulimfichia yote hayo, akarusha tena. Gongo likasikika likigonga mpira, kavu na safi. Mdakaji hakudaka kitu. Walitafuta mpaka ukungu ukainuka, na mpira haukupatikana.

Kesho yake baada ya ibada, Nalepo, aliyesimuliwa na Lomayani yaliyotokea, alifika kwa Elirehema. Alipokwisha kuitikia shikamoo yake, alimwomba asimame amwonyeshe magoti yale yalifika wapi. Elirehema akaweka kiganja katikati ya paja lake. Mama akaweka chake chini ya cha Elirehema.

"Ni yeye," alisema. "Magoti hayo nimeyafunga vidonda toka utotoni mpaka yalipofika hapo."

Jioni hiyo alimwambia Lomayani alete wembe.

Jumamosi iliyofuata Elirehema alivaa tena kinyago, kwa kuwa mwamuzi mwingine hakuwapo. Mpigaji wa kwanza aliposimama, Elirehema aliyatazama magoti ya mpigaji huyo muda mrefu, akiogopa kuinua macho asije akakuta makwapa ya mtu mwingine.