Kikombe Kilichoonjwa Kwanza

Niliwahi kumwambia jirani yangu kwamba nimefunga, huku chai yangu ikifuka mvuke juu ya cherehani, mbele ya macho yake na yangu. Pembeni ya chai kulikuwa na andazi lililokwisha kuumwa. Tena ilikuwa siku ya pili ya Idi. Nimejaribu miaka mingi kujitafutia utetezi na sijaupata, kwa hiyo naona bora nianze na hilo, msije mkalisikia kwa wengine. Maana Ujiji watalisema tu.

Mimi ni mtu wa barazani. Nilimaliza kidato cha nne, nikatoka na matokeo ambayo mama yangu aliyaita "majaliwa", nikarithi cherehani ya baba, nikaiweka barazani pa nyumba yetu, nami nikakaa nyuma yake. Safari zangu zilikuwa msikitini na kurudi. Kwenda Kigoma mjini niliita kusafiri, na mke wangu alikuwa akiniuliza kama nimebeba nguo za kubadili. Gungu, palepale Kigoma, nimefika mara chache, na kila mara nilirudi na maumivu ya kichwa.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakija kwa wingi kutoka Burundi, na baadaye kutoka Kongo, wengine kwa miguu na wengine kwa mitumbwi. Wengi walipelekwa kambini. Wachache, kwa njia moja au nyingine, waliishia kupanga chumba mjini. Hivyo ndivyo nyumba ya pili kutoka kwetu ilivyompata mpangaji mpya, mama mmoja wa Kirundi na binti yake. Mama alikuwa akiuza ndizi sokoni. Binti aliimba kwaya kanisani, na kwa kuwa kuta za mtaa wetu ni za tope, nilizijua nyimbo zote za kwaya ile kabla ya padri wao. Mtaani wapo waliowatazama kwa jicho la pembeni na kuwaita "hao wa kuja". Nami nilikuwa mmoja wao, mjukuu wa mwanamke aliyevuka ziwa lilelile kutoka Manyema. Sisi wa Ujiji ni wenyeji sana, mradi usituulize tangu lini.

Siku ya Idi mke wangu aliwapelekea sahani ya pilau. Kesho yake yule mama akaja barazani na kikombe kikubwa cha bati. Akanisalimu, akasimama wima mbele yangu, kisha badala ya kunipa kikombe, akakinywa mwenyewe. Funda moja zima. Akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nilishtuka kama niliyepigwa kofi. Kwetu chakula cha jirani hufunikwa kawa, na mbebaji akikutwa amechovya kidole njiani, hata akiwa mtoto, atasemwa mpaka Idi nyingine. Sasa huyu ananiletea makombo, tena ananionyesha wazi kuwa ni makombo!

"Mama, sisi hatunywi pombe," nikasema, kwa sauti ile ya mtu anayemfundisha mwenzake.

"Si pombe, baba. Ni umutobe. Maji ya ndizi mbivu, nimekamua asubuhi hii."

Hapo ndipo ulimi wangu ukanitoroka. "Nimefunga," nikasema.

Aliitazama chai. Akalitazama andazi. Akanitazama mimi, si kwa hasira, ila kama mtu anayesoma kibao cha njia na kukuta alikokuwa anakwenda hakumo. Akasema, "Haya, baba," akarudi kwake na kikombe chake.

Kioja hicho kilikuwa na shahidi. Ng'ambo ya njia aliishi bibi mmoja muuza mawese, Muha wa kijiji cha Simbo aliyeolewa Ujiji na kusilimu tangu usichana wake. Meno yake yalikuwa yamepungua lakini maneno hayakupungua hata moja. Alivuka njia akiwa na kibati chake cha mawese mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, saumu yako ina andazi?"

"Bibi, amenipa makombo! Umeona mwenyewe, amekunywa kwanza!"

"Nimeona. Na ningekuwa na mkono mrefu ningekuzaba kutoka kulekule." Akaketi. "Sikiliza, wewe uliyesoma. Kwetu Buha, na kwao Burundi ni hivyohivyo, ukimpa mtu kinywaji bila kuonja, umemwambia: kunywa, kama kuna sumu shauri yako. Anayekupenda huonja kwanza. Yule katoka mahali ambapo watu wamefikia kuogopana jirani kwa jirani. Kaja kwako akasema, mimi usiniogope. Wewe ukamjibu kwamba unamwogopa."

"Sikumwogopa, nimeona kinyaa tu."

"Basi hiyo ndiyo nzuri zaidi, eh?" akasema, akachukua andazi langu, akaondoka nalo.

Nilikosa amani siku nzima. Nilishona mkono wa shati mahali pa shingo. Jioni nikamwomba mke wangu akaange kaimati, nikazibeba mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa mtaa wetu walilitazama kama kupatwa kwa jua. Nilipofika mlangoni kwa yule mama, nikaondoa kawa, nikachagua kaimati moja, nikaiuma mbele yake, nikaitafuna kwa heshima zote, ndipo nikamnyooshea sahani.

Binti alikuwa nyuma yake, akaziba mdomo kwa kitenge. Kisha mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango, na machozi yakamtoka.

"Baba," akasema alipopata pumzi, "ni kinywaji tu. Chakula cha mtu hatukiumi."

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana vizuri. Akikamua ndizi, kikombe kilikuja barazani, kikaonjwa, nami nikanywa. Ramadhani ilipofika alikuja na kikombe chake magharibi, wakati wa kufuturu, si kabla. Nilitaka kumsifu kwa kujua saa. Akasema hajui saa, anasikiliza tu kelele za kijiko changu.

Mwaka uliofuata, siku moja mchana, alikuja barazani bila kikombe. Akakaa kwenye mkeka. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili, na haikuwa Jumapili.

"Kuna kijana wa Simbo anamtaka binti yangu," akasema. "Kijana mzuri. Wazee wake watakuja kumwomba. Kwetu, binti akiombwa, mama hasemi. Anasema baba, au baba mdogo, au mjomba." Akaanza kuhesabu kwa vidole, cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akaukunja mkono wote akauweka mapajani.

"Shangazi wa kijana kasema binti yangu ni msichana wa njiani, hana watu," akaendelea. "Wazee wakasema tutakwenda tuone. Tukikuta mtu wa kusema naye, tutasema. Tukikuta kiti kitupu, tutarudi na vitu vyetu."

"Na watu wa kanisani kwenu?"

"Wapo, watakuja. Lakini wote ni wageni kama mimi. Watasema kambi imehamia hapa. Nataka mtu wa hapa, baba. Nataka wewe uwe baba yake mdogo."

Nilimwambia mimi ni Mwislamu. Akasema analijua hilo, ananisikia alfajiri nikikohoa wakati wa udhu. Nikamwambia wapo wanaume wenye ulimi zaidi yangu, mtaa umejaa. Kwa nini mimi?

"Wengine wanatoka," akasema. "Wewe hutoki. Wakija watakukuta."

Nilikuwa nimesubiri sifa nyingine kidogo.

Nikakubali. Iliyobaki ilikuwa hofu ya kinywaji, maana kwao siku ya kuomba mchumba huwa ni pombe. Baba wa binti ndiye anayeonja kwanza, kisha humpa msemaji wa wageni, na kikombe hicho kikishanyweka na pande zote mbili, watu wamekuwa ndugu. Nikamuuliza mwalimu wa madrasa. Akasema, "Unakwenda kumsimamia mtoto wa jirani? Nenda. Cha kulevya usinywe, na usiongee sana." Nilipomweleza mama, alisema alikwisha kufikiri: siku hiyo nyumbani kwake hakutakuwa na pombe hata tone, chungu kizima kitakuwa umutobe, kwa wote. Na mbuzi atachinjwa na mume wa muuza mawese.

Muuza mawese aliposikia akapiga makofi. "Wazee wa Simbo waombe mchumba kwa maji ya ndizi? Watadhani wamekuja ubatizo wa mtoto!" Lakini usiku huo mwenyewe alikwenda kusaidia kumenya.

Siku ikafika. Nikavaa kanzu na kofia, na mfukoni nikawa na hotuba niliyoikariri siku zote zile, yenye methali tatu na neno "kadhalika". Nikakalishwa kwenye kiti cha mbele, wanakwaya nyuma yangu upande mmoja, akina mama wa mtaani upande wa pili wamevaa buibui na khanga. Wageni walitakiwa kufika saa nane. Wakafika wakati adhana ya alasiri inaanza. Walikuwa wazee wanne wa shamba pamoja na yule shangazi wa kijana, na msemaji wao alikuwa mzee mwembamba mwenye koti zito na macho ya mtu aliyewahi kununua ng'ombe wengi bila kudanganywa.

Alinitazama kofia. Akaitazama kwaya. Akanitazama kofia tena.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mkwe." Akasikiliza adhana hadi mwisho. "Naona masikio yako yameshatangulia msikitini. Yafuate. Sisi tumetoka Simbo, tunajua kusubiri."

Niliona aibu, nikaona nimeharibu tayari. Mama akanionyesha kwa kidevu chumba cha ndani. Nilikuta ametandika mkeka mpya, na ndoo ya maji, na mkeka umeelekezwa kibla sawasawa. Hakuniuliza hata siku moja kibla ni wapi. Kumbe siku zote akipita na ndizi zake alikuwa akiona nimeelekea wapi nikiswali barazani. Nilipokuwa nikiswali nilisikia kule nje mtu anaanza kuongea kwa sauti, na yule mzee wa Simbo akimwambia, "Nyamaza wewe, mwenye binti anaongea na Mungu."

Nikarudi, nikakaa. Msemaji akakohoa.

"Tumesikia hapa kuna binti," akasema. "Tumesikia pia hana watu. Sasa sisi hatuozeshi kijana wetu kwa upepo. Tuambieni, watu wake ni akina nani?"

Nikasimama. Hotuba ikatoweka. Methali zote tatu zikaondoka pamoja, na "kadhalika" ikazifuata. Nikamwona mama, amekaa chini karibu na chungu, mkono umekunjwa mapajani kama siku ile ya vidole.

"Mzee," nikasema, "bibi yangu mzaa baba alifika Ujiji hii na mwiko mmoja na nguo aliyovaa. Hakuwa na mtu. Leo wajukuu wake tumejaa mtaa huu mpaka tunagombana nani anapita mlango upi. Huyu binti ni wa mtaa huu. Akilia huko Simbo, tutasikia hapa. Mimi ni baba yake mdogo. Mkimkosea mtakuja kunikuta nimekaa palepale barazani, sina pengine pa kwenda."

Watu wa mtaa wakacheka, maana walijua ni kweli. Msemaji hakucheka.

"Basi tuonjeshe," akasema.

Mama akajaza kikombe cha bati, kilekile. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikasema "Bismillahi" kwa sauti, na nyuma yangu kwaya, kwa mazoea, ikaitika "Amina". Midomo ilikuwa imenikauka kwa woga kama ngozi ya ngoma. Umutobe ulikuwa baridi, mtamu. Nilitaka kuonja, Mungu shahidi. Lakini koo lilishika njia yake, na nilipokuja kukumbuka nilikuwa naona kitako cha kikombe.

Nikampa msemaji kikombe kitupu, kwa mikono miwili, maana sikujua jambo lingine la kufanya.

Akakichungulia. Akakipindua, likadondoka tone moja kwenye kiatu chake.

"Kwamba hakuna sumu, tumeona," akasema polepole. "Lakini na kinywaji nacho hakuna." Akawageukia wenzake. "Tuliambiwa binti hana mtu. Kumbe anaye, na mtu mwenyewe ana kiu ya kufa." Ndipo akacheka, na wazee wenzake wakacheka, na hata shangazi mtu akaficha uso kwenye khanga. "Mama, mjazie mkwe tena, safari hii mshike mkono."

Mama alijaza, akanishika mkono kweli. Nikagusa kwa ncha ya mdomo tu. Mzee akapokea, akanywa, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa aliye kando yake, naye akampa wa kando yake, mpaka kikombe kikazunguka upande wao wote na kurudi kwetu. Binti akaitwa aje awasalimu wazee wake.

Nilikaa kitini nimejawa na fahari, nikirekebisha kofia, nikisubiri mtu wa kunisifu. Muuza mawese akapita nyuma yangu na sahani ya nyama, akainama sikioni, ila kwa sauti ya kusikika mpaka njiani:

"Siku ile kaja kukupa kikombe kizima, ukasema umefunga. Leo umeambiwa uonje, umekikausha. Mjukuu wangu, usimsingizie tena Mungu. Shida yako haikuwa dini, ilikuwa ujinga."