Mipini Minane ya Daktari wa Meno

Mume wangu alibadilisha mipini ya fimbo za gofu kwa miaka ishirini na sita, na miaka miwili ya mwisho aliibadilisha kwa macho yangu. Yake yalishaingia ukungu. Pale klabuni hakuna aliyejua. Waliniona nimekaa kwenye kigoda kibandani mwake, nadarizi, wakanitania: "Mama Fundi, wivu huo hauishi?" Nikacheka nao. Nani angemwachia kipofu moto wa gesi?

Yeye alipasha kichwa cha fimbo moto mpaka gundi ikalegea, akachomoa mpini wa zamani, akakata mpya, akagundisha. Mimi nilisoma tu namba zilizochongwa vichwani. Kila namba ina urefu wake. Kadiri namba inavyopanda, mpini unafupishwa na uso wa kichwa unalala zaidi.

Alhamisi ile daktari wa meno alileta fimbo nane. Jumamosi alikuwa na mashindano. Mtungi wa gesi ulikuwa umechukua nafasi ya kigoda changu, nikakaa ng'ambo ya meza na kusoma vichwa kutoka huko. Kwenye kimoja mume wangu akasita, akapapasa uso wa kichwa hicho kwa kidole gumba.

"Hiki kimelala sana, mama. Una hakika ni sita?"

"Baba, mwenye macho haambiwi tazama."

Akacheka, akagundisha. Namba zote zilikuwa zimenigeukia kichwa chini, na mimi na mdomo wangu sikufikiria kwamba sita ikipinduliwa ni tisa.

Jumamosi meneja wa klabu aliingia na fimbo moja ndefu. Daktari alikuwa ameaibika mbele ya wenzake.

"Mzee, hii namba ngapi?"

Mume wangu akanyoosha mkono. Meneja akaivuta nyuma.

"Nimekwambia usome, sio ushike."

Kutoka nilipokaa niliiona tisa waziwazi. Mume wangu aliitazama ile fimbo, ukungu mrefu mbele yake, akajibu kama nilivyomsomea.

"Sita."

Meneja akapunga kiganja mbele ya uso wa mume wangu. Hakupepesa. Jioni hiyo alirudisha funguo za kibanda.

Sasa yuko nyumbani. Hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Zamani aliniuliza saa mara kumi kwa siku mpaka nikamgombeza. Juzi alibandua kioo cha saa ya ukutani. Sasa akitaka kujua saa, anasimama na kupapasa mishale kwa kidole.