Siku Tano Oldonyo Sambu, na Mtoto Niliyekwenda Kumchukua

Safari hii ilikuwa na kazi moja: kumchukua mjukuu wetu Elia, mwenye miaka mitatu na nusu, na kumleta kwetu Mianzini, mjini Arusha, ili mama yake apumzike. Mama yake ni Neema, binti yetu wa kwanza, aliyeolewa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru. Wiki tatu kabla ya safari alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, msichana. Kwa kawaida anayekwenda kwa mzazi ni bibi, si babu. Lakini mke wangu, Mama Neema, ana goti ambalo tangu mvua zilipoisha halikunjiki, na anapanda ngazi kinyumenyume. Kwa hiyo nilitumwa mimi.

Utaratibu wenyewe kwetu ni wa siku nyingi. Mtoto mpya akizaliwa, aliyemtangulia hupelekwa kwa bibi yake hadi mama apate nguvu. Neema mwenyewe alipelekwa kwa mama yangu, Marangu, Kilimanjaro, alipozaliwa mdogo wake. Alikuwa na miaka minne, na alikaa huko miwili. Mimi ndiye niliyempeleka, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiieleza safari ile kama mfano wa jambo lililopangwa vizuri. Mtoto hakulia hata kidogo.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kazi hii nilijifunza kwa kusoma vitabu vinavyokuja na mashine, na imenipa tabia ya kutaka kujua mwisho wa jambo kabla sijafungua skrubu ya kwanza. Nilipanga kwenda Jumatatu na kurudi na mtoto Jumanne. Mama Neema alikwisha kutandika kitanda kidogo karibu na dirisha, na juu yake blanketi lenye picha za bata.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Mianzini kwenye gari la jirani anayeuza pumba. Nilikuwa na mkungu mdogo wa ndizi mshare kwa ajili ya mtori, ile supu nzito ya ndizi anayopewa mzazi, kilo mbili za nyama, na kanga mbili. Sikuwa nimelala vizuri, na nilisinzia hadi tulipofika Ngaramtoni.

Saa mbili nilikuwa sokoni Ngaramtoni. Mama Neema alikuwa ameagiza mafuta ya kondoo, kwa kuwa wakwe zetu ni Waarusha na mzazi wao hawezi kuamka bila mafuta hayo. Mama aliyekuwa akiyauza alitaka kujua nani amejifungua. Nilimweleza. Akataka kujua mama wa mzazi yuko wapi. Nikamweleza habari za goti.

"Basi yafikishe," alisema, akikaza kifuniko cha chupa kwa meno. "Wanaume wakitumwa huku hufikisha salamu peke yake."

Nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa likipeleka magunia matupu. Baada ya Ngaramtoni migomba inapungua, kisha inakwisha. Mlima ninaouona kila siku kutoka mjini ukiwa wa kijani, upande huu una rangi ya gunia. Upepo ni mkavu na wa baridi, na vumbi lake ni jepesi kama majivu.

Saa tano kasorobo nilishuka Oldonyo Sambu, nikaiacha lami na kutembea. Njia ni ya dakika arobaini kwa mtu asiye na mzigo. Mimi nilitumia saa moja na robo, kwa sababu mkungu wa ndizi hauna mahali pazuri pa kuushika.

Kwenye boma nilimkuta Mama Lomayani, mama mkwe wa Neema, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, macho wazi lakini haangalii kitu. Ni mjane, mkubwa kwangu kwa miaka michache.

"Karibu, mkwe," alisema. "Nisamehe sisimami. Nikisimama tu, kuna kazi itaniona."

Akatazama ndizi zangu, akauliza kama watu wa Kilimanjaro bado wanawalisha wazazi chakula cha wasio na meno. Nilimkabidhi mafuta ya kondoo, akayanusa, akasema kumbe mjini bado kuna mtu mwenye akili.

Elia alikuwa amesimama nyuma ya punda. Huku mtoto humsalimia mtu mzima kwa kuinamisha kichwa ili kiguswe. Nilinyoosha mkono. Yeye aliinua kichwa juu kabisa.

"Umekuja kumchukua yule mgeni?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana, mtoto mchanga hakai mbali na mama yake. Akarudi nyuma ya punda.

Neema alikuwa chumbani. Uso wake umekuwa mwembamba, na aliponisalimia alisema maneno yote taratibu, kama mtu anayesoma. Akaniwekea mtoto mikononi. Ni mwepesi kuliko pasi ya mkaa, na ana paji la uso la marehemu mama yangu. Nilisema hivyo, Neema akatabasamu, kisha akalala ameketi kabla sijamaliza sentensi.

Mchana ule nilielewa hali ya nyumba. Mama Lomayani alikuwa akipika, akifua, akimkanda mzazi, na kwenda bombani na punda mara mbili kwa siku, kwa sababu bomba liko mbali na wanawake wengine wa boma wana mizigo yao. Naserian, mtoto wa kwanza, yuko darasa la kwanza. Elia, aliyekwisha kuacha kunyonya zamani, alikuwa anataka kunyonya tena. Alikuwa amemwaga unga kwenye majivu. Alikuwa amemfunua mdogo wake nguo zote wakati wa baridi ya asubuhi ili, kama alivyoeleza, mgeni aone njia ya kurudi kwao. Mama Lomayani alinihesabia makosa haya bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka hata kukasirika, na akamaliza kwa kusema mtoto achukuliwe.

Jioni mume wa Neema, Lomayani, alirudi kutoka shambani, ambako alikuwa akivuna maharage kabla mifugo ya watu haijayafikia. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema baba, ukimchukua utakuwa umetusaidia. Kwa heshima ya ukwe sikulala kwao. Nililala kwa kaka yake Lomayani, upande wa pili wa boma.

Jumanne, saa moja asubuhi, nguo za Elia zilikuwa tayari kwenye mfuko. Nilimweleza Neema mpango wangu. Mtoto aambiwe tunakwenda kuona magari Ngaramtoni, na kwamba jioni atarudi. Akifika mjini atazoea. "Hatalia," nilimwambia. "Wewe mwenyewe hukulia."

Neema alikuwa akifunga mfuko. Akaacha.

"Baba, ile siku ulinipeleka kuona ndama wa bibi," alisema. "Ukasema jioni tutarudi. Nikawa naangalia ndama, ukapita nyuma ya zizi."

Ni kweli. Nilikuwa nimeshauriwa kufanya hivyo, na nilikuwa nimekagua njia mapema.

"Jioni nikakaa kwenye mlango wa zizi mpaka bibi akawasha taa. Kesho yake nikakaa tena. Kila siku, mpaka sijui lini."

"Lakini mama alinihakikishia hukulia."

"Ningelia kwa nini? Nilikuwa nakusubiri."

Hakuinua sauti. Aliendelea kusema kwamba bibi alimpenda, hakumnyima kitu, na hana kinyongo. Ila mpaka leo mtu akimwambia atarudi jioni, hutoka nje kuangalia njia.

"Nimechoka, baba," alisema. "Ukitaka kumchukua mchukue, sina nguvu ya kubishana na nyinyi wote. Lakini mwambie ukweli, mbele yangu."

Nilimwita Elia. Nikamwambia nataka twende kwetu, akakae na bibi miezi mingi, na mama yake atabaki hapa.

"Na mgeni?"

"Atabaki na mama."

Alifikiri. Kisha akaketi chini, akaushika mguu wa kitanda cha mama yake kwa mikono miwili, na akatulia. Hakulia. Nilimtazama kwa muda ambao sikuupima. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi kutokulia kunavyoonekana.

Saa tatu nilimpigia simu Mama Neema, nikamwambia nitarudi Ijumaa. Akauliza kuna nini. Nikajibu kuwa mzigo haujawa tayari. Hakuuliza zaidi, jambo ambalo si kawaida yake.

Saa nne ya siku hiyo hiyo niliwafunga punda wawili madumu manne kila mmoja, baada ya kufungua na kufunga upya mara tatu, na nikamwambia Elia anisaidie kuwaongoza. Nilimwambia tunakwenda bombani na tutarudi jioni. Nilichokuwa sijakizingatia, ingawa nimeishi na watu hawa kwa miaka minane ya ukwe, ni kwamba huku maji na punda ni kazi ya wanawake. Bombani palikuwa na wanawake kama kumi na watano. Walinisalimia shikamoo kwa adabu zote. Halafu mmoja, mwenye shuka jekundu, akawaambia wenzake kwa Kiswahili ili nami nielewe:

"Huyu mkwe wa mjini, ametolewa mahari ya ng'ombe wangapi?"

Mwingine akajifanya ndiye mimi, bibi harusi, akasema niacheni, bwana harusi wangu ana wivu. Walicheka hadi maji yakamwagika. Nilijibu kwamba mahari bado tunajadiliana, na wakaniruhusu kupita mbele kwenye foleni, nadhani kwa kuhurumia mgongo wangu. Mimi na Elia tulirudi tena mchana. Kila tulipopumzika aliniuliza kama jioni imefika, na kila mara nilimwonyesha jua lilipo. Tulipoliona boma, aliniachia kamba akakimbia hadi ndani kuhakikisha. Mama yake alikuwepo.

Jumatano tulifanya vivyo hivyo. Mchana nilimpeleka barabarani kwenye kibanda ambako Neema hushona, nikaifungua cherehani yake iliyojaa vumbi na mafuta yaliyoganda. Elia alizishika skrubu kwenye kofia yangu na hakupoteza hata moja. Mama Lomayani alilala mchana huo kwa saa mbili. Alipoamka alikuwa na aibu, akauliza nani amekufa, maana nyumba ilikuwa kimya.

Alhamisi mgongo wangu ulikuwa hautaki kunyooka, na kwenye mlima wa mwisho nilimshika punda mkia, jambo lililowafurahisha sana wanawake wa bombani. Jioni hiyo tulipoliona boma, Elia hakukimbia. Alitembea nami hadi mwisho, akishika kamba, akinieleza kuwa punda wa pili ni mvivu.

Baada ya chakula Lomayani alinifuata nje. Ni mtu wa maneno machache, na yale aliyokuwa nayo alikuja ameyapanga.

"Baba, watu wanasema. Mkwe wangu anateka maji nyumbani kwangu, mimi navuna maharage."

Nilimjibu waache waseme, mimi sitakuwepo.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Wewe hutakuwepo, punda wapo. Kuanzia kesho nitakwenda mimi, kabla ya shamba. Na Elia nitamchukua."

Nilimweleza jinsi ya kufunga madumu yasilale upande mmoja, na kwamba akimwambia mtoto jioni, iwe jioni. Alisema ameelewa. Sijui kama atafanya kwa wiki moja au kwa mwaka. Kucheka kwa wanawake wale si jambo dogo kwa kijana wa huku.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, niliaga. Mfuko wa nguo za Elia ulikuwa umerudishwa msumarini. Nilichuchumaa mbele yake, kwa shida, nikamwambia ninakwenda kwangu, na leo sirudi. Jioni asinisubiri.

Akauliza kama mgeni naye anaondoka. Nikamwambia huyo ni wa hapa, kama yeye, haondoki. Hakupenda jibu hilo. Hata hivyo aliinamisha kichwa, nami nikakigusa. Kilikuwa na joto la jua na harufu ya punda.

Saa sita na dakika ishirini nilikuwa Mianzini. Mama Neema alikuwa barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kisha nyuma yangu tena.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwao."

Nilikaa kwenye ngazi, nikamweleza yote kwa mpangilio, tangu mafuta ya kondoo hadi mlango wa zizi wa Marangu. Sikuficha kuwa mimi ndiye niliyepita nyuma. Nilitegemea anilaumu kwa kurudi mikono mitupu. Alisugua goti.

"Nilipokwenda kumchukua Neema baada ya ile miaka miwili," alisema, "alikuwa anachambua mboga na bibi yake. Akasimama vizuri, akanisalimia. Shikamoo shangazi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitikia. Marahaba. Ningefanyaje?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa unawaambia watu hakulia."

Nilichojifunza katika safari hii nakiandika kwa ufupi, kwa ajili ya wazazi wengine wanaopanga kama tulivyopanga sisi. Kumsaidia mama aliyejifungua si lazima kuanze kwa kumwondoa mtoto wake. Kukiwa hakuna njia nyingine, basi mtoto aambiwe anakwenda wapi na kwa muda gani, hata kama ni mdogo, na hata kama atalia. Afadhali alie.

Kabla ya kula niliingia chumbani, nikaanza kukitandua kitanda kidogo. Mama Neema alinisikia, akaniita kutoka barazani, akasema blanketi nisilirudishe kabatini. Goti likikubali tutakwenda wote wawili, na atalibeba yeye. Kule kuna baridi, alisema, na Elia sasa analala peke yake.